Piano ya Márcia na Posa Niliyoitunga

Jumanne, 5 Agosti

Nimeteuliwa mshereheshaji. Naiandika hapa kwa sababu Tatu, mke wangu, amesikia habari hii mara tatu na bado anachambua mchele.

Ilikuwa hivi. Mkutano wa bairro, mtaa wetu, saa nne asubuhi, ukumbi wa shule hapa Palma. Katibu akasema anakuja binti mpiga piano, Márcia, mzaliwa wa huku huku, aliyesomea muziki Maputo miaka sita. Atapiga muziki alioutunga mwenyewe kutokana na elimu ya kale ya Wachina, ile ya vitu vitano vinavyoendesha dunia. Administrador, mkuu wa wilaya, atakuwepo. Anatakiwa mtu wa kusimama mbele na kuwaeleza watu wanachokisikia. Kuna anayejua habari za Wachina?

Watu wakatazamana. Kisha nikamsikia binamu yangu Bashiru anakohoa. Bashiru ana lori, ana kiti katika baraza la ushauri la wilaya, na ana kikohozi ambacho hutangulia kila anapotaka kuchukua kitu changu. Nikainuka kabla kikohozi hakijaisha. Nikasema mimi nimefika Uchina.

Sijafika Uchina. Nimefika Kariakoo. Lakini nauza mapazia na saa za ukutani, vyote vinatoka Uchina kupitia Mtwara, na mtu akikaa na vitu vya watu miaka kumi na tisa, si haba, amewajua.

Bashiru akauliza, kwa ule upole wake wenye sumu, nilifika huko mwaka gani. Nikajibu kwamba Wachina hawahesabu miaka kama sisi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikapita.

Bashiru amepewa kazi ya kubeba piano. Kila mtu na kipaji chake.

Alhamisi, 7 Agosti

Safari ya Mocímboa da Praia, kupokea piano bandarini. Imeazimwa Pemba, imekuja kwa boti, ndani ya sanduku la mbao lenye kimo changu. Sikualikwa. Nilisema mshereheshaji hawezi kuzungumzia chombo asichokutana nacho. Bashiru akasema basi panda nyuma.

Mbele alikaa yeye na Custódio, fundi umeme wa ukumbi. Kijana wa Mueda, amekuja kufanya kazi Palma tangu Mei. Mkimya. Hupiga pasi shati lake hata siku ya kupanda nguzo. Nyuma nilikaa mimi, piano na vumbi.

Bandarini niliwaambia wapagazi sanduku litazame mashariki, kwa kuwa ndivyo Wachina wanavyotaka. Wakaligeuza. Kisha lori likageuka ili litoke, nalo sanduku likatazama magharibi. Nikawaambia waligeuze tena. Mpagazi mmoja akaniomba, kwa adabu, nikae mbali kidogo. Nilikaa mbali kidogo.

Njiani, kijiji cha Olumbi, tukasimama kutia maji kwenye rejeta. Watu wakaliona lile sanduku refu, wakaniona mimi kando yake, uso mweupe kwa vumbi, macho mekundu. Wakavua kofia. Bibi mmoja akanipa mkono na pole, akauliza marehemu alikuwa nani wangu. Ningeweza kueleza. Lakini kueleza piano ni safari ndefu, na pole ilikuwa tayari imefika. Nikasema alikuwa mtu wa karibu. Wakaniombea. Wakanipa ndizi.

Bashiru akatoa kichwa dirishani, akawaambia ni ngoma ya kizungu. Bibi akachukua ndizi zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Márcia amefika. Mwembamba, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayehofia kuamsha mtoto. Ananiita Tio Twalha, yaani mjomba. Nilijiandaa kwa mtu wa kujivuna. Wenye kujivuna nawaweza.

Akaniuliza nilijifunza nini Uchina. Nikasema, subira. Akasema hilo ni jibu zuri sana. Niliona aibu kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha akatukalisha ukumbini, mimi, Bashiru na Custódio, atueleze vile vitu vitano. Hapa nikajitia matatani. Mimi najua vinne. Kila mtu wa pwani anajua vinne. Marehemu babu yangu kule Msimbati alikuwa akisoma nyota za watu kwa hivyo vinne: moto, upepo, udongo na maji. Mimi mwenyewe nyota yangu ni ya upepo. Nikavitaja kabla Márcia hajafungua mdomo, kwa sauti ya mtu aliyefika.

Márcia akatabasamu. Akasema Wachina wana mti, moto, udongo, chuma na maji. Bashiru akauliza upepo umekwenda wapi. Nikajibu kwamba Wachina wanauona upepo kuwa ni kitu cha kawaida mno. Ukweli ni kwamba nimewauzia mapazia yao miaka kumi na tisa na kumbe hawanihesabu.

Akaendelea. Mti hulisha moto. Moto huacha majivu, majivu yanakuwa udongo. Udongo huzaa chuma. Chuma kikilala nje hukusanya umande, nayo ndiyo maji. Maji hunywesha mti. Kila kimoja ni mama wa kinachofuata. Akasema upo na mpango wa pili, wa kushindana, ambamo maji huzima moto na chuma hukata mti na kadhalika. Wake yeye ni ule wa mama na mtoto. Niliandika yote. Katikati kalamu iliishiwa wino, nikaazima nyingine, kwa hiyo mpango nilionao kamili ni mmoja tu, na sina hakika ni upi.

Wengine walipotoka, alinibakiza. Mama yake, Mama Luzia, anaishi Mute, ana machamba yake ya mihogo. Zamani nyumba yao ilikuwa hapa Palma. Hajakanyaga hapa tangu walipokimbia mwaka ule wa vita. Akarudi kutoka kambi ya wakimbizi hadi Mute, karibu kadiri moyo ulivyomruhusu, akaishia hapo. Binti alijifunzia piano kwa masista Pemba, kisha Maputo. Mama hajamsikia akipiga hata siku moja.

"Kila nikimwomba aje, anasema ana mihogo ya kung'oa," Márcia akasema. "Huu mwaka wa tatu anang'oa mihogo."

Aliogopa kutuma watu wa serikali, wasije wakamtisha. Akaona mimi ni mtu mzima, nina maneno mazuri. Nikaapa wallahi mama yake atakaa mstari wa mbele.

Kwa nini naapa? Hakuna aliyeniomba niape. Aliomba nijaribu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mute, kwa pikipiki ya kuazima. Mama Luzia nilimkuta shambani, anang'oa mihogo. Kwa hiyo hakuwa akidanganya.

Mwanamke imara, maneno machache. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya vitu vitano. Aliisikiliza bila kusimamisha jembe. Nilipomaliza akauliza kama hivyo vitu vinapatikana Palma peke yake. Nikamtazama. Amesimama juu ya udongo. Mkononi jembe la chuma, mpini wa mti. Pembeni ndoo ya maji, na ng'ambo ya shamba moto wa magugu unafuka. 

Nikamwambia mwanao anakuhitaji. Jembe likasita kidogo.

"Njia ile naijua," akasema. "Niliipita nikikimbia. Kila nikiitazama, miguu inakumbuka."

Mtu mwenye akili angesema pole, angepokea mihogo miwili, angekwenda zake. Nami nilitaka hivyo. Lakini nilikumbuka kiapo, nikakumbuka kikohozi cha Bashiru, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema kuna mwanamume.

Jembe likasimama kabisa.

Mwanamume gani? Anayemtaka Márcia, nikasema, kwa heshima, na siku ile ndiyo siku ya kujitambulisha. Jina? Nikatafuta jina. Kichwani likaja shati lililopigwa pasi. Custódio, nikasema. Wa wapi? Mueda. Kazi yake? Umeme. Mama Luzia akakaa juu ya rundo la mihogo. Akauliza kwa nini mwanawe hakumwambia. Nikasema anaona haya. Akafuta udongo vidoleni, kimoja kimoja.

"Nitakuja," akasema. "Mwanamume lazima nimtazame machoni."

Nilirudi nikiimba juu ya pikipiki. Kazi iliyomshinda binti mwenyewe kwa miaka mitatu, nimeimaliza kati ya adhuhuri na alasiri.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimsimulia Tatu, nikitegemea sifa. Akaweka ungo chini. Akauliza Custódio anajua. Nikasema bado. Akauliza Márcia anajua. Nikasema bado.

"Kwa hiyo posa hii ina mtu mmoja tu," Tatu akasema, "na mtu huyo ni wewe, mume wangu."

Saa sita dereva wa chapa, basi dogo la abiria, akaniletea salamu kutoka Mute. Mama Luzia anakuja na kaka yake, Mzee Francisco, maana kwao mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya ndoa. Wanakuja na kuku wawili. Anauliza upande wa mwanamume watakuwa watu wangapi, ili ajue kama kuku watatosha.

Sikula mchana.

Alasiri nikapata njia. Uongo ni uongo mpaka utakapokuwa kweli. Nikaenda ukumbini. Custódio alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa. Nikasimama chini nikamsifu Márcia. Akasema ndiyo, anapiga vizuri. Nikasema na tabia yake. Akasema ndiyo, tabia yake nzuri. Nikasema mume atakayempata amepata. Akasema kweli, Mungu ampe mume mwema. Alitaja neno mume mwenyewe. Nikaona mlango umefunguka.

Nikamwambia Jumamosi avae shati jeupe na akae mstari wa mbele, upande wa kulia. Akauliza kama anaweza kuja na mtu. Nikasema alete hata watu kumi. Nikawaza, mama yake labda. Mambo yanajipanga.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi ya mwisho. Márcia alikuwa amepata habari kwamba mama yake anakuja. Alinishika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Akauliza nilimwambia nini mama hata akakubali.

Nikasema nilizungumza naye kutoka moyoni.

Alirudi kwenye piano akapiga kile kipande cha udongo. Chini chini, polepole, kama majembe mengi yanayopiga ardhi kwa zamu. Nilikaa kiti cha nyuma. Nilitaka kumwambia pale pale. Niliinuka kabisa. Nikafika hadi kwenye piano. Akainua macho, akauliza, ndiyo, tio? Nikamwambia nina wazo kuhusu jukwaa.

Wazo lenyewe si baya. Watu wa hapa hawajazoea piano. Wataambiwa huu ni mti, huu ni moto, nao wataona sanduku jeusi tu. Basi tuweke vitu vyenyewe mbele yao: gogo, jiko, beseni la udongo, panga, ndoo ya maji. Márcia akafikiri, kisha akasema anashukuru, lakini anaona muziki utatosha.

Wasanii ni watu wa unyenyekevu. Kazi yetu sisi wengine ni kuwasaidia.

Tatu ameniambia nikamwambie ukweli binti wa watu kesho asubuhi, kabla ya yote. Nimekubali. Nitamwambia. Labda baada ya onyesho, akiwa ametulia.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika jua likizama, mikono ikinuka moshi. Nijitahidi kufuata mpangilio.

Saa nane nilivipanga vitu vyangu mbele ya mstari wa kwanza, vimefunikwa pazia langu bora, la maua. Nilifuata daftari. Ndoo ya maji kando ya jiko. Panga juu ya gogo. Sasa najua kwamba ule mpango uliobaki kamili daftarini ulikuwa wa kushindana.

Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa. Administrador katikati, shati jeupe. Bashiru kushoto kwake. Upande wa kulia Custódio, shati jeupe nalo, na kando yake mwanamke kijana ambaye sikumtilia maanani. Nilitazama mlango mpaka shingo ikaniuma. Saa tisa na robo akaingia Mama Luzia, ameshika mkono wa kaka yake. Capulana mpya kiunoni. Kutoka mlangoni hadi kiti chake ni hatua ishirini hivi, naye alizipiga kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Márcia alimwona kutoka kwenye piano. Hakuinuka. Aliinamisha kichwa tu, na niliona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama Luzia akakaa. Akauliza kwa sauti ya chini Custódio ni yupi. Nikamwonyesha. Tangu hapo hakutazama piano. Alimtazama Custódio. Custódio akafungua kifungo cha shati, akakifunga tena.

Nikahutubia. Nilizungumza juu ya subira. Nilizungumza juu ya Uchina, milima yake na ukungu wake. Bashiru akakohoa. Nikafunga hotuba, nikalivuta pazia. Watu wakaona gogo, panga, beseni, ndoo na jiko. Wakapiga makofi kwa heshima. Márcia alinitazama mara moja, kisha akaanza kupiga.

Mti ulikuwa kipande cha kwanza. Nami nikaanza kuandaa moto, ili uwe tayari zamu yake ikifika. Makaa yalikuwa na unyevu. Nikaongeza makumbi ya nazi. Nayo yalikuwa na unyevu. Mti haujafika katikati, moshi ukaanza. Ulikuwa moshi mnene, wa rangi ya maziwa, na haukuwa na haraka. Ukaanza na mstari wa mbele. Nikapepea ili uende kwingine, ukaenda kwa Administrador. Watu wakaanza kukohoa ukumbi mzima, safari hii Bashiru akikohoa bila hila. Aliinuka, akaichukua ndoo, akaimwaga yote kwenye jiko.

Maji huzima moto. Wachina wamesema kweli. Ila hawakusema majivu yanakwenda wapi. Yaliruka juu pamoja na mvuke, yakasimama hewani, kisha yakatua juu ya shati la Administrador, juu ya Bashiru na juu yangu.

Márcia hakuacha. Hilo ndilo nataka kulikumbuka. Alikuwa ameshaingia kwenye moto, vidole vinakimbia, machozi ya moshi yanamtiririka, hakuacha hata sauti moja ianguke. Madirisha yakafunguliwa. Moshi ukapungua. Akafika kwenye udongo. Zile sauti za chini, moja moja.

Mama Luzia aliacha kumtazama Custódio. Aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa jina na hana hakika. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na ukaanza kupanda na kushuka, kidogo sana. Alikuwa akilima. Márcia akapita kwenye chuma, sauti kali za juu, kisha maji. Maji yalipoanza Mama Luzia akainuka. Alitembea peke yake hadi kwenye piano, akaweka kiganja juu ya ubao wake, akasimama hivyo mpaka mwisho.

 Makofi yalichelewa, na yalipokuja hayakutaka kwisha.

Ningekufa pale, ningekufa vizuri. Lakini Mzee Francisco akainuka, akainua mkono. Akashukuru. Akasema mtoto wao amewaheshimu. Akasema sasa, kwa kuwa wao wamefika na kuku wamefika, anaomba wazee wa upande wa mwanamume wajitokeze, ili mambo ya Custódio na Márcia yaanzwe kwa utaratibu.

Custódio akageuka nyuma, kuona Custódio mwingine ni nani.

Yule mwanamke kando yake akasimama. Anaitwa Nadia. Ni mke wake, mwaka wa tatu sasa, amefika kutoka Mueda Jumanne.

"Mambo gani ya Custódio?" akauliza.

Custódio akasema yeye hajamtuma mtu. Márcia akasema hajasikia habari hiyo. Mzee Francisco akasema wao wameletewa na mtu wa heshima, aliyekuja kwa pikipiki. Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimejaa majivu, nimeshika upepeo wa jiko.

Mama Luzia akaja akasimama mbele yangu.

"Ulinidanganya?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna mwanamume?"

"Yupo, mama. Lakini ana mke."

Kuna mtu alicheka nyuma akanyamazishwa. Mama Luzia hakucheka, wala hakupandisha sauti.

"Njia nzima nilifumba macho," akasema. "Francisco alinishika mkono kama kipofu. Nikajiambia, vumilia, ni kwa ajili ya mkwe." Akamgeukia binti yake. "Wewe uliniita miaka mitatu, sikuja. Nikaja kwa ajili ya mwanamume nisiyemjua. Hilo ndilo linaloniuma. Huyu mzee hajaniuma kama hilo."

Mimi nina miaka arobaini na nane. Lakini sikuona kama ni wakati wa kusahihisha.

Márcia alimshika mama yake mkono. Hakunitazama kabisa. Ningependa angenitukana.

"Umekuja," alimwambia. "Kaa hapa karibu yangu. Nitapiga tena ule wa udongo."

Akamkalisha kwenye benchi lake, ubavu kwa ubavu. Akaupiga tena. Nilitoka nje nikasimama na ndoo tupu, nikasikiliza dirishani.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya kuomba radhi. Nilianza kwa Nadia. Alinisikiliza mlangoni, akaniuliza kama nina mke, nikasema ninaye, akasema nimpe pole. Custódio alinipa mkono. Akasema shati jeupe lile lilikuwa jipya.

Márcia alinipokea nyumbani kwa katibu. Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha. Alinikatisha kwa upole. Akasema alilia usiku kucha na hajui kama ni kwa hasira au kwa furaha, na kwamba mama yake asubuhi ile alitembea mwenyewe hadi kilipokuwa kiwanja chao, akasimama, akarudi, akaomba chai. Kisha akasema sentensi ambayo naiandika kama ilivyo. "Tio, ungeniambia hakutaka, ningekwenda kumpigia piano huko huko Mute." Sikuwa nimelifikiria hilo. Piano ina lori.

Halafu la mwisho, ambalo ni baya kuliko yote. Nilikwenda kwa Administrador nimejikunja kama mkeka. Akanipokea kwa tabasamu. Akasema Bashiru alikuwa ameshamweleza kila kitu: kwamba moshi na majivu ni sehemu ya mila za Kichina, na kwamba kuangukiwa na majivu ni baraka. Shati hajalifua.

Bashiru amenisitiri mbele ya mkubwa, bila kuombwa, wala hajadai shukrani. Kuna tusi gani kubwa kuliko hilo? Nimemwambia Tatu sitamsamehe. Tatu akasema nikafue pazia.

Nimeapa hapa, kwa maandishi, kwamba sitamdanganya mtu tena, hata kwa wema. Hasa kwa wema.

Alhamisi, 28 Agosti

Mama Luzia amepita dukani. Amekuja kwa chapa, peke yake, na gunia la mihogo ya kuuza sokoni. Ni mara yake ya tatu. Anasema hadi nusu ya njia hufungua macho, kisha huyafumba, na kila safari anaongeza kidogo. Alikaa, akanywa maji, akatazama saa zangu za ukutani, akasema zote zinasema uongo. Nikakubali.

Kisha akanieleza shida yake. Ana jirani huko Mute, Felismina, mama mtu mzima, macho yanaingia ukungu. Daktari wa macho anakuja Palma wiki ijayo. Felismina hataki kusikia habari ya njia ile. Amebembelezwa na wanawe, amebembelezwa na padri. Akaniomba niende nizungumze naye, kwa kuwa, alivyosema, mdomo ninao.

"Lakini safari hii useme kweli," akaniambia. "Kweli tupu."

Nikasema kweli tupu, mama. Na nilikusudia hivyo. Nimeshafunzwa na mambo yale. Nitakwenda nimwambie Felismina macho ni macho, daktari ni daktari, njia ni njia.

Niliuliza tu, kwa ajili ya mazungumzo, Felismina anapenda nini. Mama Luzia akasema anapenda kwaya kuliko chakula. Aliongoza kwaya ya parokia miaka kumi na tano, na kinachomuuma zaidi ni kwamba tangu vita hakuna aliyemwomba aimbe.

Nimeazima pikipiki. Naondoka kesho asubuhi baada ya chai. Kweli tupu. Ingawa nimekuwa nikifikiri jioni yote kuhusu huyu daktari wa macho. Mtu anayezunguka wilaya kwa wilaya, mbali na kwao, lazima awe na kitu anachokipenda. Hakuna aliyeniambia kwamba anapenda kwaya. Lakini pia hakuna aliyeniambia kwamba haipendi.